Tahariri: Kilosa isisubiri saratani ndipo ipime tumbo

Saratani ya tumbo ni miongoni mwa saratani chache ambazo chanzo chake kikuu kinajulikana, kina jina, kinapimika na kinatibika kwa vidonge. Chanzo hicho ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wengi wetu tunamwita H. pailori. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile la moshi wa sigara. Miaka zaidi ya 30 imepita. Katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia mjini, Kimamba na Rudewa hadi Ulaya, Mikumi na Kidodi, safari ya mtu anayeumwa tumbo bado huanzia dirishani mwa duka la dawa, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Simama jioni kwenye duka la dawa kando ya barabara kuu ya Iringa pale Mikumi, saa malori yanapoegeshwa kwa ajili ya usiku. Anafika mtu mzima, ameshika chembe ya moyo, anasema tumbo linawaka moto. Muuzaji anachukua mkasi, anakata omeprazo nne kutoka kwenye pakiti, anazitia katika kimfuko. Mteja akiwa na hela kidogo zaidi anaongezewa metronidazo na amoksilini za siku tatu. Hakuulizwa anaumwa tangu lini. Hakuulizwa kama suruali zimeanza kumpwaya, wala choo chake kina rangi gani. Usiku huo maumivu yatatulia kweli, kwa sababu omeprazo hupunguza asidi. Bakteria hatakufa. Baada ya miezi miwili mtu huyo atarudi, atapewa kile kile, na mwakani tena, huku kila mmoja akiamini kwamba anatibiwa vidonda vya tumbo.

Gazeti hili linasema wazi kwamba hayo si matibabu, na kwamba wenye wajibu wa kuyakomesha wanajulikana kwa vyeo vyao.

Kwanza ieleweke bakteria huyu anafanya nini humo ndani. Tumbo la binadamu lina asidi kali inayoua vijidudu vingi tunavyomeza. H. pailori hutoa kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo humpunguzia makali ya asidi iliyomzunguka. Kisha hujisukuma kwa vijimkia vyake hadi kwenye ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, akakaa humo kwa miaka, mara nyingi tangu mwenyeji wake akiwa mtoto. Kinga ya mwili humshambulia bila kumfikia sawasawa, wala haikomi kumshambulia, na uvimbe unaotokana na vita hiyo ndio mwanzo wa maafa. Kwa baadhi ya watu tezi zinazotengeneza asidi husinyaa. Seli za ukuta wa tumbo huanza kufanana na za utumbo, mahali ambapo hazipaswi kuwa hivyo. Baadaye hupoteza mpangilio wake, na mwisho ni saratani. Pelayo Correa, daktari mzaliwa wa Kolombia, ndiye aliyeeleza hatua hizo moja baada ya nyingine. Aina za bakteria huyu zenye jini liitwalo cagA ni hatari zaidi, kwani hudunga protini yake ndani ya seli zetu na kuvuruga namna seli inavyokua na kushikamana na jirani zake.

Jambo la kukazia macho ni muda. Mwendo huo wote huchukua miongo. Mtu anayegundulika na saratani ya tumbo akiwa na miaka 55 alikwishapita mbele ya dirisha la dawa, zahanati na kituo cha afya mara nyingi mno, akisema tumbo linaniuma, na kila mara kulikuwa na nafasi ya kumuuliza, kumpima na kumtibu. Tunapomzika tunasema ugonjwa ulikuja ghafla. Haukuja ghafla.

Wapo watakaosema elimu hii ni ya Wazungu na haijathibitika. Basi wasikie ilivyothibitishwa. Robin Warren, mtaalamu wa patholojia wa Perth, Australia, aliwaona bakteria hao kwenye vipande vya tumbo mwaka 1979. Yeye na Barry Marshall walifanikiwa kuwaotesha maabara mwaka 1982, baada ya sahani kuachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya mapumziko ya Pasaka. Wakubwa wa fani walikuwa wamefundishwa kwamba hakuna kinachoishi ndani ya asidi ya tumbo, wakakataa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, na katika siku chache tumbo lake lilikuwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kuhusu saratani yenyewe, Naomi Uemura na wenzake wa Japani walichapisha mwaka 2001 matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,526 kwa wastani wa karibu miaka minane. Kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasiokuwa naye hakupata hata mmoja.

Bakteria huyu pia si mgeni kwetu. Vinasaba vyake vinaonyesha kwamba alitoka Afrika pamoja na binadamu walipoanza kusambaa duniani, karibu miaka 60,000 iliyopita. Wakazi wa Mikumi, wanaosikia simba wakinguruma usiku kutoka hifadhini, huenda wakapenda kujua kwamba jamaa wa karibu kabisa wa bakteria huyu amepatikana tumboni mwa simba na duma, na watafiti waliosoma vinasaba vyake mwaka 2006 walihitimisha kwamba alihamia kwa wanyama hao kutoka kwa binadamu wa kale. Huenda huko nyuma sana kuna simba aliyekula mtu, akabaki na bakteria wake.

Uchambuzi wa tafiti za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba karibu watu saba kati ya kumi barani Afrika wanaye. Wengi wao hawatapata saratani. Makadirio yanayotumika zaidi ni kwamba mmoja hadi watatu kati ya kila mia walioambukizwa ndio huipata. Kwa sababu hiyo hatudai kila mkazi wa Kilosa amezeshwe antibiotiki, na yeyote atakayesoma tahariri hii kisha akakimbilia dukani kununua dozi bila kupimwa atakuwa amefanya kinyume cha tunachosema.

Yapo madai mengine ambayo yamewapa wakubwa usingizi mzuri kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1992 maandiko ya kitabibu yamekuwa yakizungumzia fumbo la Afrika: bakteria wapo tele, saratani ya tumbo inaonekana chache. Zimetafutwa sababu nyingi, kuanzia aina za bakteria hadi minyoo inayobadilisha namna kinga inavyopigana. Huenda baadhi ni za kweli. Lakini mahali ambapo endoskopia, yaani mpira wa kamera wa kuangalia tumbo, ni adimu na watu wengi hufia nyumbani, saratani isiyotafutwa haiwezi kuhesabiwa. Hapa hapa nchini, maeneo ya kuzunguka Mlima Kilimanjaro yametajwa kwa miaka mingi kuwa na saratani ya tumbo nyingi kuliko kwingine, na hali ya namna hiyo imeripotiwa Rwanda, Burundi na Kivu. Mwanza, madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa wao 232 wa saratani ya tumbo. Zaidi ya tisa kati ya kumi walifika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, hatua ambazo upasuaji huwa wa kumsaidia mgonjwa ale na apunguziwe maumivu zaidi kuliko kumponya. Na mwaka 2025 wataalamu wa lile Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walikadiria kwamba kati ya watoto waliozaliwa duniani mwaka 2008 hadi 2017, zaidi ya milioni 15 watapata saratani ya tumbo katika maisha yao, robo tatu ya hao kwa sababu ya bakteria huyu, na kwamba mzigo utakaoangukia Afrika kusini mwa Sahara utakuwa angalau mara sita ya ule wa mwaka 2022. Watoto hao wa kwetu ndio wanaokaa leo kwenye madawati ya shule za msingi na sekondari za Kilosa.

Sasa tuseme wajibu ni wa nani.

Tunaanza na tabibu, kwa sababu ndiye mwenye kalamu. Tabibu anayeandika "vidonda vya tumbo" kwenye daftari la mgonjwa bila kipimo chochote ameandika kisio. Kipimo kinachofaa ngazi ya wilaya na vituo vya afya kipo: ni cha choo, kinachotafuta chembechembe za bakteria mwenyewe. Kile cha damu, cha tone moja kwenye kibao, hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi hata miaka baada ya bakteria kufa. Mgonjwa aliyepona anapopimwa kwa kibao hicho huambiwa bado anaye, akapewa dozi nyingine, na nyingine tena. Pesa zinakwisha, dawa zinazoea, mtu anabaki na hofu ya ugonjwa ambao hana. Hata kipimo cha choo kina masharti yake. Mgonjwa awe ameacha omeprazo kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na jibu hutoka safi wakati si safi. Ni maabara ngapi zinazouliza swali hilo kabla ya kupokea kikopo? Mganga mfawidhi wa kila kituo anapaswa kulijibu kwa kituo chake.

Baada ya jibu ni dozi. Kumuua bakteria huyu kunahitaji dawa ya kupunguza asidi pamoja na angalau antibiotiki mbili, kwa wakati, kila siku, na miongozo mingi ya sasa inataka siku 14. Dawa hizo huleta kichefuchefu, uchungu mdomoni na kuharisha. Mgonjwa asiyeonywa mapema atadhani zinamdhuru, ataacha siku ya tano, na bakteria walionusurika ndio wenye nguvu zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka H. pailori sugu kwa klarithromaisini katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Watafiti wa Mwanza nao wameshakuta usugu huo kwa wagonjwa wa hapa nchini. Klarithromaisini ni nguzo ya dozi tunayoitegemea, na kila anayeuza nusu yake anaing'oa.

Kisha, mwezi mmoja au zaidi baada ya dozi, apimwe tena. Hapa ndipo karibu wote tunapoanguka. Kupungua kwa maumivu hakuonyeshi kwamba bakteria amekufa. Mgonjwa aelezwe hivyo siku anapopewa dawa, apewe tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari lake na kwenye rejista ya kituo.

Kilosa ina chuo cha maafisa tabibu. Wilaya nyingi nchini hazina bahati hiyo. Vijana wanaofundishwa pale ndio watakaokaa kwenye zahanati za milimani na mabondeni, peke yao, bila bingwa wa kumuuliza. Wafundishwe kwamba mtu wa makamo mwenye maumivu mapya ya tumbo aliyepungua uzito, anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, anayeshiba kwa tonge tatu, ambaye chakula humkwama au mwenye upungufu wa damu usioelezeka, hapewi omeprazo akaambiwa arudi mwezi ujao. Huyo anaandikiwa rufaa siku hiyo hiyo, akaangaliwe kwa kamera na kukatwa kinyama cha kupima. Huko nyuma kulikuwa na kisingizio cha safari. Tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa inapita Kilosa ikienda Dodoma, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Dar es Salaam, ziliko Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Tabibu asiyeandika rufaa hana tena umbali wa kuusingizia.

Umaskini upo, na huo ni wa kweli. Nauli, kitanda cha ndugu anayemsindikiza, gharama ya kipimo: kwa mkata miwa wa Ruaha au kibarua wa mkonge wa Kimamba, hizo ni fedha za kuuza mbuzi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wananchi wana haki ya kuuliza kama kipimo cha choo cha H. pailori, dozi kamili na endoskopia kwa mwenye dalili za hatari vimo ndani ya kitita kitakachomfikia mtu wa Ulaya au Zombo humu wilayani. Mbunge wa Kilosa na mbunge wa Mikumi walichaguliwa ili waulize maswali ya namna hiyo, kwa namba ya swali na tarehe ya jibu.

Wauzaji wa Duka la Dawa Muhimu walifunzwa na kupewa kibali ili wananchi wa vijijini wasikose dawa. Kibali hicho kina mipaka, na tunajua mipaka hiyo inavukwa kwa sababu mteja ana shilingi elfu moja na anataka kitu cha shilingi elfu moja. Tunaelewa biashara ni ngumu. Hata hivyo anayekata antibiotiki kwa mkasi anauza usugu, na wakaguzi wa halmashauri wanaopita mbele ya dirisha hilo kila wiki wanashiriki. Sharti moja lingetosha kwa kuanzia: mteja anayerudi mara ya pili kwa maumivu yale yale ya chembe ya moyo asiuziwe tena, aelekezwe kituo cha afya kwa karatasi.

Halmashauri ina deni kubwa kuliko wote, na deni hilo ni maji na vyoo. H. pailori hupita kutoka mtu hadi mtu, kwa mate, matapishi na choo, hasa ndani ya familia na hasa utotoni, na maji machafu yamehusishwa na kuenea kwake. Kilosa inajua vizuri maji yanapokuja vibaya. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta na kuwatoa maelfu ya watu majumbani, wakaishi mahemani, familia juu ya familia. Mafuriko yamerudi tena tangu wakati huo. Nchi zilizotengeneza maji, vyoo na nyumba zisizobanana ziliona maambukizi ya watoto yakishuka hata kabla dawa haijajulikana. Diwani anayedhani kisima kilichokufa ni suala la idara ya maji peke yake aanze kukihesabu pia katika taarifa ya saratani.

Kwa wazazi tunasema kwa heshima na bila kuzunguka: acheni kumtafunia mtoto chakula na kumwekea mdomoni. Bibi anafanya hivyo kwa upendo, nasi tunamheshimu bibi, lakini mate yake yanaweza kumpa mjukuu mpangaji wa maisha. Sabuni iwepo chooni na mahali pa kunawia kabla ya kula. Samaki wa chumvi nyingi na sigara huongeza hatari kwa aliye na bakteria tayari, kwa hiyo vipunguzwe, na sigara iachwe. Na nyumba ambayo baba, mama, kaka au dada amewahi kupata saratani ya tumbo isikae kusubiri dalili. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ndugu wa damu wa wagonjwa hao, walipopimwa na kutibiwa bakteria, hatari yao ilipungua kwa zaidi ya nusu. Hao ndio wa kwanza kupimwa katika wilaya hii, hata kama bajeti ni ndogo.

Sayansi haijafunga daftari. Mwaka 2024 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwa panya kwamba bakteria mwingine, Streptococcus anginosus, naye anaweza kuchochea uvimbe na mabadiliko ya kuelekea saratani katika tumbo. Mengine yatafuata. Hakuna kati ya hayo linalompa mtu ruhusa ya kungoja. Katika visiwa vya Matsu huko Taiwan, wakazi walianza kupimwa na kutibiwa kwa pamoja mwaka 2004, na taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha saratani ya tumbo imepungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na miaka iliyotangulia. Walifanya hivyo kwa kupima, dozi kamili na kupima tena, kazi ambayo daftari, kikopo cha choo na watu wanaotimiza ahadi vinaiweza.

Kwa hiyo tunamtaka Mganga Mkuu wa Wilaya ya Kilosa aagize vituo vyote, vya serikali na vya mashirika ya dini, Hospitali ya Mtakatifu Kizito Mikumi ikiwemo, vifungue safu nne katika rejista ya wagonjwa wa nje: aliyepimwa choo, aliyekutwa na bakteria, aliyemaliza siku 14, aliyerudi akapimwa akakutwa safi. Safu ya tano iwe ya waliopewa rufaa ya endoskopia na tarehe waliyofika huko. Takwimu hizo zisomwe mbele ya baraza la madiwani kila robo mwaka, kituo kwa kituo, na kituo chenye safu tupu kitaje jina la anayehusika na sababu yake. Kikao kijacho cha baraza kiko karibu. Gazeti hili litamtuma mwandishi, na litachapisha safu hizo kama zitakavyosomwa.